Chanya Ukitoa, Hasi Ukipokea

Karatasi mbili zilikuwa mezani, zote zina jina langu. Ya kwanza niliipata nilipokwenda kuchangia damu: kundi A, chanya. Ya pili nilipewa nilipopimwa kabla ya upasuaji mdogo: kundi A, hasi. Nilimsogezea mtaalamu wa maabara zote mbili nikamuuliza niichane ipi.

"Usichane hata moja, kaka," alisema. "Zote ziko sawa. Ukitoa damu, wewe ni chanya. Ukipokea, wewe ni hasi."

Nilidhani ananitania.

Akachukua kigae cheupe, akadondoshea dawa sehemu tatu: ya buluu inayotafuta A, ya njano inayotafuta B, na isiyo na rangi inayotafuta D. Pembeni ya kila tone akaweka tone la damu yangu, akakoroga kwa kijiti, kisha akawa anakiinamisha kigae huku na huku, taratibu, bila kusema neno. Tone la buluu halikuchelewa. Damu ilikatika kama maziwa yaliyochacha, madonge mekundu upande huu, maji upande ule. La njano lilibaki laini. Nikalikodolea macho la tatu, nikingoja. Nalo likabaki laini.

"Hapa wewe ni hasi," alisema. "Lakini kama damu hii ingekuwa inakwenda kwa mtu mwingine, tusingeishia hapa."

Maneno hayo yalinikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Nilishazoea kuliona kundi la damu kuwa jambo lililokwisha: unazaliwa nalo, unalikariri, unalijaza kwenye fomu, unazikwa nalo. Sasa naambiwa inategemea damu inaelekea wapi.

## D chache

Hiyo chanya na hasi inahusu protini moja tu, D, inayokaa juu ya utando wa chembe nyekundu. Wengi wetu tunayo kwa maelfu kwenye kila chembe. Wengine hawana kabisa. Katikati wapo wenye D dhaifu: wanayo, ila chache kiasi kwamba dawa ya kwenye kigae inaweza kupita bila kuzinasa.

Kuzipata kunahitaji hatua ya pili. Chembe huwekwa pamoja na kingamwili za D, yaani protini za kinga zinazoinasa D, kwenye joto la mwili, zikaoshwa vizuri, kisha ikaongezwa kingamwili nyingine iliyotengenezwa mahususi kuzikamata kingamwili za binadamu. Kama D zipo, hata kwa uchache, hapo ndipo madonge yanapotokea. Njia hiyo ilitangazwa mwaka 1945 na Coombs, Mourant na Race, na maabara bado zinaitumia kila siku.

Damu yangu ikienda kwa mtu asiye na D, mwili wake unaweza kuzitambua hata hizo chache na kuanza kutengeneza kingamwili dhidi yake. Kwa hiyo chupa yangu lazima iandikwe chanya. Lakini mimi nikiwa ndiye ninayehitaji damu, mashaka yanageuka: je, D yangu ni kamili? Maana wapo ambao D yao haikupungua idadi tu, bali imekosa kipande. Mwili wa mtu kama huyo ukikutana na D nzima unaweza kukiona kile kipande kuwa kigeni na kukishambulia. Asiyejua D yangu ni ya namna gani anafanya la busara, ananipa damu hasi. Siku hizi jeni yenyewe inaweza kusomwa, na wenye D dhaifu ya aina ya 1, 2 au 3 wanahudumiwa kama watu chanya bila wasiwasi. Mahali ambapo jeni haisomwi, tahadhari inabaki pale pale.

Karatasi mbili, waulizaji wawili, na kila mmoja alijibiwa alichouliza.

Hilo ndilo lililonifanya nianze kusoma. Kama chanya na hasi ni majibu ya swali la mtu fulani, je, A na B nazo?

## Jedwali la ugomvi

Picha ambayo wengi tunayo ni kwamba Karl Landsteiner, daktari wa Vienna, alichungulia kwenye hadubini akaiona A, akaiona na B. Hakuna aliyekuwa na uwezo huo wakati ule. Alichokuwa nacho ni damu yake na ya wenzake wa maabarani. Aliitenganisha ya kila mmoja, chembe nyekundu huku, seramu, yale majimaji yanayobaki damu ikiganda, kule. Halafu akawa anachanganya seramu ya huyu na chembe za yule, kisha za mwingine, mpaka wote wakaisha. Palipotokea madonge aliweka alama ya kujumlisha, palipokuwa shwari akaweka ya kutoa.

Jedwali lilipojaa, watu walijigawa wenyewe katika mafungu matatu. Akayaita A, B na C.

Makala yake ilitoka mwaka 1901. Mwaka uliofuata Decastello na Sturli walikuta watu wachache ambao hawakuingia kwenye fungu lolote: chembe zao zinashikana kwa seramu za A na za B, ilhali seramu yao haigombani na chembe za mtu. Hao ndio AB wa leo. C ikaja kuwa O.

Nilikaa na jedwali hilo muda mrefu kuliko nilivyopanga. Hakuna mahali linaposema damu ya mtu *ina* nini. Linasema nani anagombana na nani, basi. Kemia ya herufi hizo ilikuja kueleweka miaka ya 1950, nusu karne baadaye, na kwa kipindi chote hicho watu walikuwa wanaokolewa na orodha ya ugomvi tu. Kwangu hilo si upungufu. Landsteiner alitaka kujua damu ipi inavumiliana na ipi, na kwa swali hilo jedwali lake lilitosha kabisa.

Vurugu ilikuja kwenye kutoa majina. Jan Janský wa Prague aliyapanga makundi manne mwaka 1907 kwa namba za Kirumi, I hadi IV. Mwaka 1910 Mmarekani William Moss naye akayapanga kwa namba hizo hizo, ila I na IV zake ziko kinyume. Kwa Janský, I ndiye O wa leo. Kwa Moss, I ni AB. Mfikirie daktari aliyesomea mfumo wa Janský akahamia hospitali inayofuata wa Moss: mgonjwa wa O anavuja damu mbele yake, na kwenye chupa pameandikwa I.

Herufi A, B, AB na O, ambazo von Dungern na Hirszfeld walikuwa wameshazitumia, zilianza kushika baada ya Landsteiner mwenyewe kuzipigia debe mwaka 1927.

## Sukari moja ya ziada

Juu ya chembe nyekundu kuna minyororo ya sukari. Mnyororo wa msingi, wenye sukari iitwayo fukosi karibu na ncha yake, unaitwa H. Mwenye jeni ya A ana kimeng'enya kinachobandika sukari moja zaidi juu ya H. Mwenye B ana kimeng'enya kinachobandika nyingine. Sukari hizo mbili zinakaribiana mno: ya B ni galaktosi ya kawaida, ya A ni galaktosi iliyoongezewa kikundi kidogo cha atomu. Vimeng'enya vyenyewe vinatofautiana kwa asidi amino nne tu. Mwenye AB anavyo vyote viwili. Kwa watu wengi wa O, kama Yamamoto na wenzake walivyoonyesha mwaka 1990, jeni imepoteza herufi moja ya msimbo wake, kimeng'enya kinaharibika njiani, na H inabaki wazi bila nyongeza.

Na mwili unaichukiaje damu ambayo haujawahi kukutana nayo? Maelezo yanayokubalika ni bakteria wa tumboni, ambao nao wamevaa sukari zinazofanana na hizo. Mtoto anazaliwa bila kingamwili zake mwenyewe za A wala B, anaanza kuzitengeneza miezi michache baadaye. Akishaanza, zinakuwa tayari kabla hajapewa hata tone la damu ya mtu mwingine. Ndiyo maana ABO, yaani mfumo huu wa A, B na O, inaua haraka ikikosewa, wakati D, ambayo kwa kawaida mwili hauna kingamwili zake mpaka uionje kwanza, mara nyingi huleta shida kwa awamu ya pili.

Sasa mtazame O kwa makini.

Anapimwa hivi: kuna A? Hapana. Kuna B? Hapana. Basi ni O. Kundi kubwa namna hii linapatikana kwa kukosa mara mbili.

Mwaka 1952 Bhende na wenzake walitoa taarifa kutoka Mumbai, enzi hizo ikiitwa Bombay, kuhusu watu wachache ambao chembe zao zilisomeka O bila utata. Seramu yao ilipokutanishwa na damu ya O, madonge. Na ya A, madonge. Na ya B vilevile. Walikataa damu ya kila mtu isipokuwa ya wao kwa wao. Ikaja kubainika kwamba hawana hata H, ule mnyororo ambao ilidhaniwa kila binadamu anao, na kwa kuwa hawana, wametengeneza kingamwili dhidi yake. Kwao H ni kitu kigeni, na O ndiyo damu iliyojaa H kuliko zote.

Kigae hakikusema uongo. Hakuna aliyekiuliza habari za H.

Mtu wa kundi hilo, ambalo limebaki na jina la Bombay, anaweza kuwa na jeni nzima ya A isiyo na mahali pa kufanyia kazi. Akimrithisha mtoto, na mtoto akapata H kutoka kwa mzazi wa pili, mtoto anatoka A kwa wazazi ambao kwenye karatasi wote ni O. Ipo pia jeni iitwayo cis-AB, inayotengeneza sukari zote mbili peke yake, kwa hiyo mzazi wa AB anaweza kuzaa mtoto wa O, jambo ambalo vitabu vya shule vinalikataa. Ni nadra, tena sana. Lakini kila nikisikia ndoa imetikisika kwa sababu ya herufi iliyo kwenye kadi ya mtoto, hao ndio ninaowafikiria kwanza.

Na hata herufi zikisema wazi, si lazima zisikilizwe. Miaka ya 1940 Charlie Chaplin alishtakiwa kuwa ni baba wa mtoto: yeye O, mama A, mtoto B. B ile haikutoka kwa mama na isingeweza kutoka kwake. Baraza la mahakama huko California likaamua kwamba baba ni yeye, kwa kuwa sheria ya wakati ule haikukipa kipimo hicho neno la mwisho.

## Walioiuliza mengine

Mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, Ludwik na Hanna Hirszfeld walikuwa Thessaloniki, ambako majeshi kutoka pembe nyingi za dunia yalikuwa yamerundikana. Walipima watu zaidi ya 8,000 wa jamii 16, matokeo yakachapishwa mwaka 1919. A ilikuwa nyingi magharibi mwa Ulaya, B ikizidi kadiri unavyoelekea mashariki hadi India. Wakadhani huenda A na B zilianzia kwenye asili mbili tofauti za binadamu.

Ukiangalia takwimu zao leo, unaona kingine. A, B na O zimo katika kila jamii waliyoipima. Kinachopanda na kushuka ni viwango. Mwingereza wa kundi B na Mhindi wa kundi B wanapatana kwa ABO, wakati huyo Mwingereza hawezi kumpa damu ndugu yake wa tumbo moja aliye A.

Hilo halikuwazuia waliotaka damu iseme walichokwisha kuamua. Mwaka 1942 Msalaba Mwekundu wa Marekani ulikubali kupokea damu ya wachangiaji weusi kwa sharti kwamba itengwe na ya weupe. Hakukuwa na kipimo maabarani kilichoweza kutofautisha chupa hizo mbili. Lebo ndiyo iliyokuwa kipimo. Utaratibu huo ulidumu hadi 1950. Ludwik Hirszfeld naye, Myahudi kwa kuzaliwa, alikuja kufungiwa katika geto la Warsaw, wakati nadharia za damu na asili ya watu zilikuwa zimepata serikali ya kuzitekeleza, ya Wanazi. Alinusurika.

Habari za kundi la damu na tabia ya mtu, au kundi la damu na chakula kinachokufaa, nazipita. Zimechunguzwa, hapakuonekana kitu.

## Waliokataa ndio waliotupa majina

Midomoni mwetu mifumo ni miwili, ABO na Rh, ule wenye D. Jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa uongezaji damu inatambua zaidi ya 40.

Majina mengi ya mifumo hiyo ni ya wagonjwa. Kell, ya mwaka 1946, inatokana na jina la mama ambaye kingamwili zake zilishambulia chembe za mwanawe. Duffy, ya 1950, ni jina la mgonjwa wa hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda vizuri, aliyekuwa ameongezewa damu mara nyingi. Lutheran haina uhusiano wowote na kanisa, ni jina la mchangiaji lililosomwa vibaya.

Nilipoyaona majina hayo pamoja ndipo nilipoelewa kwa nini orodha haiishi. Hakuna aliyekaa chini akaorodhesha kila kilicho juu ya chembe nyekundu. Kitu kinaingia kwenye orodha siku mwili wa mtu mmoja unapoikataa damu ya mwingine, au wa mama unapoikataa ya mimba yake. Antijeni, yaani alama ya juu ya chembe inayoweza kukataliwa, ambayo watu wote wanayo inakaa kimya, bila jina, mpaka apatikane mmoja asiye nayo.

Mwaka 1972 damu ya mwanamke mjamzito ilikutwa haina antijeni ambayo karibu kila binadamu anayo. Antijeni ikapewa jina la AnWj, lakini hakuna aliyejua inatoka kwenye jeni gani. Jibu lilitangazwa mwaka 2024 na watafiti wa Uingereza: ni jeni ya MAL. Mfumo wa 47. Muda wote huo yeyote asiye na AnWj alikuwa akibeba kadi yenye herufi na alama ya kawaida kabisa, isiyomsaidia chochote.

Mara nyingine jibu linatoka kwa swali ambalo hakuna aliyeuliza. Walioanza na Duffy walitaka kujua kwa nini mgonjwa mmoja anaikataa damu. Miaka ya 1970 Louis Miller na wenzake wakaonyesha kwamba hiyo protini ya Duffy ndiyo njia ambayo kimelea cha malaria aina ya vivax huitumia kuingia kwenye chembe. Watu wengi wa Afrika Magharibi na Kati hawana protini hiyo kwenye chembe zao nyekundu, na vivax kwao ni nadra.

## Kundi linapohama

Watu huuliza kama kundi la damu linabadilika. Kwa kawaida, hapana. Lakini mgonjwa wa A akipandikizwa uboho wa mtu wa O, baada ya miezi kadhaa chembe zake nyekundu zinakuwa za O. Kuta za mishipa yake bado zina A. Na akiwa miongoni mwa watu ambao sukari hizi hutoka hata kwenye mate, kama walivyo wengi, mate yake yataendelea kusoma A.

Kuna hali nyingine ya ajabu zaidi. Mgonjwa wa A mwenye ugonjwa wa utumbo mpana, saratani kwa mfano, anaweza kushambuliwa na bakteria wenye kimeng'enya kinachong'oa kipande cha sukari ya A. Kinachobaki kinafanana na B, na kwenye kigae mgonjwa anasomeka AB. Akipona maambukizi, B hiyo inatoweka.

Anayemwokoa ni seramu yake. Maabara makini hupima pande mbili: chembe za mgonjwa kwa dawa zinazojulikana, kisha seramu ya mgonjwa kwa chembe zinazojulikana. AB wa kweli hana kingamwili za B, huyu wetu anazo bado. Pande mbili zikipingana, hakuna herufi inayotoka mpaka sababu ipatikane. Na hata zikikubaliana, kabla chupa haijatundikwa, sampuli mpya ya mgonjwa hulinganishwa na damu ile ile anayokwenda kupewa. Seramu yake, chembe za mchangiaji: Vienna, 1901, kwa vifaa bora zaidi. Kadi iliyo kwenye pochi yako haitazamwi.

Isipokuwa muda ukiwa haupo. Hapo hutolewa chembe za O bila kusubiri kipimo, maana hazina A wala B ya kushambuliwa. Ikiwa kinachohitajika ni utegili, sehemu ya majimaji ya damu, mambo yanapinduka: anayefaa watu wote ni AB, kwa kuwa hana kingamwili za A wala B. Wasichana na wanawake ambao bado wanaweza kuzaa huwekewa O hasi, ili mimba ya kesho isikutane na kingamwili za D. Kwa mwanamume anayevuja damu, hospitali nyingi hutoa O chanya, kwa kuwa O hasi ni haba. Kama ni hasi, huenda akatengeneza kingamwili hizo baada ya wiki kadhaa. Daktari analijua hilo, na analiacha liwe tatizo la siku nyingine.